Nani anasoma utafiti wa barafu za ncha za dunia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa wanafunzi, walimu, wakutubi na waandishi wa redio wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani, wanaotaka kujua jinsi utafiti wa kuyeyuka kwa rafu za barafu unavyosomwa na kuzungumzwa mtandaoni. Maswali yana namba. Jibu likikutuma kwenye namba nyingine, nenda huko, maana hatukurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Rafu ya barafu ni kitu gani?

Ni barafu nene iliyoteremka polepole kutoka nchi kavu hadi baharini, ikaendelea kutandaa juu ya maji bila kukatika. Upande mmoja imeshikana na bara, upande wa pili inaelea. Unene wake huwa mamia ya mita. Nyingi ziko Antaktika. Greenland ina chache, mojawapo ikiwa ya Petermann, iliyomeguka vipande vikubwa mwaka 2010 na tena 2012. Kubwa kuliko zote ni Ross, ambayo eneo lake ni takriban nusu ya Tanzania.

Usiichanganye na vitu viwili vinavyofanana nayo. Barafu ya bahari ni maji ya chumvi yaliyoganda juu ya bahari, na unene wake kwa kawaida ni mita chache tu. Siwa barafu ni kipande kilichokwisha kumeguka na sasa kinaelea peke yake. Magazeti huchanganya hivi vitatu kila mwaka, na mchanganyiko huo huharibu hata utafutaji wako (tazama swali la 8).

2. Kama tayari inaelea, ikiyeyuka bahari itapandaje?

Yenyewe haipandishi kitu cha maana, kama kipande cha barafu kinavyoyeyuka kwenye glasi ya maji bila maji kumwagika. Kazi ya rafu ni kuzuia. Fikiria lori la nguzo kutoka Mafinga linateremka Kitonga. Vile vyuma vya pembeni si mzigo, lakini ving'oe uone nguzo zitakapoishia. Rafu inashikilia barafu iliyoko nchi kavu, na hiyo ndiyo ikiingia baharini huongeza maji. Baada ya rafu ya Larsen B kuvunjika mwaka 2002, baadhi ya mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake iliongeza mwendo hadi mara nane.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba rafu huliwa zaidi kutoka chini. Maji ya vilindi yanayozidi sifuri kwa nyuzi moja hivi hupenya chini yake, na kwa barafu hiyo ni joto kali. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2013 ulikadiria kuwa kuyeyuka kwa chini huondoa tani bilioni 1,325 kwa mwaka, na kumeguka kwa siwa barafu tani bilioni 1,089. Kumeguka kunapigwa picha. Kuyeyuka kwa chini hakuna anayekuona, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya swali la 10.

3. "Kusomwa mtandaoni" kunapimwa kwa nini hasa?

Kwa vitu vitano tofauti ambavyo watu huvifanya kimoja:

- *Kufunguliwa*: ukurasa wa makala umefunguka kwenye kivinjari cha mtu. Huenda alisoma, huenda alifunga baada ya sekunde tatu.
- *Kupakuliwa*: PDF imeshushwa. Hapa nia inaonekana zaidi, ingawa PDF nyingi hufia kwenye simu zisisomwe.
- *Kuhifadhiwa*: mtu ameiweka kwenye maktaba yake ya Mendeley, programu ya kutunza makala. Mendeley huwaita hawa "wasomaji", jina ambalo limepotosha wengi.
- *Kutajwa*: habari, blogu, Wikipedia, X, Facebook au waraka wa sera umeielekezea kiungo.
- *Kunukuliwa*: watafiti wengine wameitaja kwenye makala zao. Hii huchelewa mwaka mmoja, miwili au zaidi.

Makala inaweza kutajwa mara elfu na kunukuliwa mara tano. Inawezekana pia kinyume chake.

4. Alama ya Altmetric inahesabiwaje?

Altmetric ni huduma ya London iliyoanza mwaka 2011. Huonyesha duara la rangi kama andazi lenye tundu, na namba katikati. Kila aina ya kutajwa ina uzito wake: habari 8, blogu 5, Wikipedia 3, chapisho la X robo, la Facebook robo. Wikipedia hubaki 3 hata makala ikitajwa kwenye kurasa ishirini. Nyekundu kwenye duara ni habari, njano ni blogu, buluu iliyopauka ni X, zambarau ni nyaraka za sera. Waliohifadhi Mendeley na walionukuu huonyeshwa pembeni, lakini hawaingii kwenye alama.

Kwa hiyo tazama rangi kabla ya namba. Duara jekundu tupu mara nyingi ni taarifa moja ya shirika la habari iliyonakiliwa na tovuti hamsini. Kwa hesabu ya haraka hiyo inakaribia alama 400, ingawa vyombo vidogo hupewa uzito pungufu. Kilichosomwa na kuandikwa upya na mwandishi anayejua jambo pengine ni kimoja.

5. Alama kubwa maana yake utafiti ni bora?

Hapana. Alama haitofautishi sifa na matusi, na makala inayopingwa vikali hupanda sawasawa na inayoshangiliwa. Mfano uko kwenye swali la 11.

## Kutafuta na kusoma

6. Nianzeje kuangalia mvuto wa makala moja?

Unahitaji DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala, ile namba inayoanza na 10. Makala za Nature huanza na 10.1038, za Science 10.1126, za The Cryosphere 10.5194. Huwa juu ya ukurasa au chini ya ikisiri (muhtasari wa mwanzo wa makala).

Andika https://doi.org/ ikifuatiwa na namba hiyo kwenye kivinjari, ukurasa rasmi wa makala utafunguka. Tafuta sehemu ya vipimo. Kwenye kurasa za Nature ipo karibu na kichwa cha makala, na huonyesha waliofungua, walionukuu na alama ya Altmetric. Kama jarida halina duara, kwenye kompyuta unaweza kuweka kitufe cha bure cha Altmetric kwenye mstari wa alamisho za kivinjari, kisha ukakibofya ukiwa kwenye ukurasa wa makala. Kwenye simu kinasumbua.

Makosa mawili ndiyo huwarudisha watu. La kwanza ni kunakili DOI pamoja na nukta ya mwisho wa sentensi, kiungo kikagoma. La pili ni kubofya kitufe ukiwa umefungua PDF badala ya ukurasa wa makala. Kitufe kinahitaji kuona DOI ndani ya ukurasa, na kwenye PDF mara nyingi hakiioni.

Jarida linalofaa kuanzia ni The Cryosphere la Umoja wa Sayansi za Dunia wa Ulaya. Ni la bure kwa kila msomaji, maoni ya wataalamu waliopitia makala yako wazi, na chini ya sehemu ya vipimo kuna jedwali la mwezi kwa mwezi pamoja na mgawanyo wa wasomaji kwa nchi. Ukitaka kujua kama makala fulani imefunguliwa Tanzania, ni hapo.

7. Makala inataka dola 30 na zaidi. Nifanyeje?

Usilipe. Fuata mpangilio huu, na mara nyingi hutafika mwisho:

1. Weka Unpaywall, kiongezi kinachotafuta nakala za bure, kwenye kivinjari cha kompyuta. Kufuli la kijani likitokea pembeni, kuna nakala halali ya bure.
2. Kwenye Google Scholar bofya matoleo yote yaliyo chini ya jina la makala, utafute lenye PDF upande wa kulia.
3. Muulize mkutubi wa chuo chako kama chuo kimejisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Tanzania iko kwenye kundi la nchi zisizolipa, lakini usajili ni wa taasisi, si wa mtu mmoja mmoja, na nywila hukaa maktaba. Mwanafunzi asiyeuliza huhitimu bila kujua ilikuwepo.
4. Mwandikie mtafiti. Barua pepe yake ipo kwenye ukurasa wa makala. Mistari mitatu inatosha: wewe ni nani, unataka makala gani, kwa kazi gani.

Kuhusu bando: PDF za fani hii zina ramani za setilaiti na huwa nzito. Soma ikisiri kwanza, ndipo uamue.

8. Nitafute kwa maneno gani ya Kiswahili?

Hapa ndipo penye mtego. Ukiandika "barafu" peke yake utaletewa barafu za ubuyu, friji, na Barafu Camp, ile kambi ya wapanda Kilimanjaro. Ukiandika "rafu" utaletewa mpira wa miguu. Ukiongeza "Njombe" au "Makete" utapata sakitu ya Juni na Julai iliyounguza viazi, ambayo wenyeji nao huiita barafu.

Unganisha neno na mahali: "barafu Antaktika", "barafu Greenland", "siwa barafu", "kuyeyuka kwa barafu kina cha bahari". Jaribu pia "Antaktiki" na "Aktiki", kwa sababu waandishi hawajakubaliana tahajia. Mito ya barafu wengine huiita "barafuto". Kwa jina la rafu yenyewe tumia jina la kimataifa, Thwaites au Larsen, maana hilo halibadiliki.

9. Google Trends na takwimu za Wikipedia zinasaidia?

Zinasaidia ukizisoma kwa uangalifu. Google Trends huonyesha neno linavyotafutwa kwenye Google; namba zake ni za 0 hadi 100 na ni za kulinganisha tu: 100 ni kilele cha neno hilo kwa muda na mahali ulipochagua, hata kama kilele chenyewe ni watu wachache. Sifuri maana yake data haikutosha, haina maana kwamba hakuna aliyetafuta. Ukichagua mkoa mmoja kwa neno kama "siwa barafu", tarajia sifuri tupu. Chagua nchi nzima na miaka mitano.

Takwimu za kurasa za Wikipedia ni namba halisi za siku kwa siku, tangu Julai 2015. Hakikisha umechagua wasomaji watu, bila roboti za utafutaji, kisha linganisha ukurasa wa Kiingereza na wa Kiswahili wa jambo hilohilo.

## Kwa nini namba hupanda ghafla

10. Mbona watu husoma sana wiki moja, kisha kimya?

Kwa sababu kitu kimevunjika na kuna picha. Julai 2017 siwa barafu A-68 lilimeguka kutoka Larsen C likiwa na kilomita za mraba 5,800 hivi, karibu na ukubwa wa Ziwa Rukwa (ambalo nalo hupanda na kushuka). Dunia nzima ilisoma. Machi 2022 rafu ya Conger, Antaktika Mashariki, iliporomoka, na kelele zikarudi. Katikati ya matukio hayo, watafiti huendelea kuchapisha juu ya kuyeyuka kwa chini, kule kunakoondoa barafu nyingi zaidi (swali la 2), na makala hizo husomwa na wachache.

Sababu ya pili ni ratiba za majarida. Nature hutoa makala zake kubwa Jumatano saa 10 jioni ya London, yaani saa 12 jioni kwetu wakati wa kiangazi cha Uingereza na saa 1 usiku wakati wa baridi yao. Science hutoa Alhamisi saa 8 mchana ya mashariki mwa Marekani, kwetu saa 3 au saa 4 usiku. Mwandishi wa redio wa Mbeya mwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku anaiwahi Nature, lakini Science ni ya kesho asubuhi. Kabla ya saa hizo habari huwa imefungiwa, na waandishi waliojisajili EurekAlert, tovuti ya taarifa za utafiti kwa vyombo vya habari, huipata mapema kwa ahadi ya kutoitoa.

11. Kuna makala inasema rafu za Antaktika zimeongezeka. Mbona inasambazwa sana?

Ipo, na haikukosea. Ilitoka The Cryosphere mwaka 2023. Ilipima *eneo* la rafu 34 kuanzia 2009 hadi 2019 na kukuta jumla imeongezeka kilomita za mraba 5,305: ndogo 18 zilirudi nyuma, kubwa 16 zilisonga mbele. Rafu kubwa husonga baharini kwa miongo kadhaa kabla ya kumeguka kipande kimoja kikubwa, kwa hiyo katika miaka kumi ukaguzi unaweza kuzikuta zote ziko safarini.

Mwaka huohuo Science Advances ilichapisha utafiti uliopima *uzito* wa rafu 162 tangu 1997 hadi 2021. Rafu 71 zilipungua, na hasara halisi ilikuwa tani trilioni 7.5. Ukisukuma chapati inapanuka, lakini unga haujaongezeka.

Makala ya kwanza ilipata mvuto mkubwa kwa watu waliotaka neno "zimeongezeka" na hawakusoma zaidi ya ikisiri. Ukiletewa ujumbe wa aina hii kwenye kundi la WhatsApp, uliza mambo matatu: kimepimwa eneo au uzito, ni miaka mingapi, na ni rafu zote au baadhi. Majibu yote matatu huwa ndani ya ikisiri, na hayahitaji zaidi ya dakika tano.

12. Na hiyo "barafu ya siku ya kiama"?

Ni Thwaites, mto wa barafu wa Antaktika Magharibi wenye upana wa kilomita 120 hivi, zaidi kidogo ya Mbeya mjini hadi Tunduma. Jina hilo la kutisha lilitungwa na mwandishi wa habari wa Marekani mwaka 2017, na wataalamu wengi wa barafu hawalipendi. Thwaites yote ikiisha, bahari itapanda kama sentimita 65, lakini hilo si jambo la mwaka huu wala la muongo huu.

Jina huzaa vichwa vya habari, na vichwa huzaa alama. Oktoba 2023 Nature Climate Change ilichapisha makala iliyosema ongezeko la kuyeyuka chini ya rafu za Bahari ya Amundsen (ndiyo iliyo mbele ya Thwaites) katika karne hii limekuwa haliepukiki. Katika baadhi ya habari hilo likageuka "barafu ya Antaktika Magharibi haiokoleki". Makala ilizungumzia kasi ya kuyeyuka kwa rafu za bahari moja, si kuisha kwa barafu yote.

## Kutoka Nyanda za Juu Kusini

13. Mbona wasomaji wa Mbeya na Iringa hawaonekani kwenye takwimu?

Kwa sababu mashine haioni njia tunazotumia. Mhadhiri mmoja hupakua PDF na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi sitini, kaunta ikahesabu mmoja. Mwalimu wa jiografia huchapa ramani na kuibandika ukutani, kaunta haihesabu kitu. Redio husoma muhtasari kwa wasikilizaji wa wilaya tatu, nako ni sifuri. Picha ya skrini haina kiungo, kwa hiyo haipo.

Wako pia wanaohesabiwa mahali pasipo pao. Anayetumia VPN, au Opera Mini iliyowekwa kubana data sana, anaweza kuandikwa kuwa yuko Ulaya. Na anayefungua ukurasa kisha akapakua PDF huhesabiwa mara mbili, japo majarida yanayofuata COUNTER, kanuni za kimataifa za kuhesabu usomaji mtandaoni, huhesabu mibofyo miwili ya kitu kimoja ndani ya sekunde 30 kuwa mmoja.

Ukiona Tanzania ina wasomaji wanne kwenye jedwali la The Cryosphere, soma hivi: vifaa vilivyotambulika kuwa Tanzania vilifungua ukurasa mara nne.

14. Nimeandika habari ya Kiswahili kuhusu utafiti huu. Itahesabiwaje?

Weka kiungo kamili cha DOI ndani ya maandishi, si kwenye picha, si kwenye maoni. Taja jarida, mwaka na jina la mtafiti mkuu kama lilivyoandikwa kwenye makala. Mashine hujaribu kubahatisha habari zisizo na kiungo kwa kusoma majina, lakini njia hiyo ilijengwa kwa Kiingereza. Epuka viungo vilivyofupishwa, vingine hufa baada ya miaka michache. Tovuti ambayo haimo kwenye orodha ya vyanzo vya Altmetric haitasomwa, ila unaweza kuwaandikia waiongeze.

15. Nawaelezaje wasikilizaji "tani bilioni"?

Tani bilioni moja ya maji ni kilomita moja ya ujazo. Ili bahari za dunia zipande milimita moja zinahitajika tani bilioni 360 hivi, karibu mabwawa mia moja ya Mtera yakiwa yamejaa. Usiseme "trilioni" hewani bila kulinganisha na kitu.

16. Mbeya iko mita 1,700 juu ya bahari. Inatuhusu nini?

Mbolea, mafuta na parachichi hupita bandari ya Dar es Salaam, na reli ya TAZARA inaishia huko. Bahari haitafika Uyole, lakini bei itafika.

## Hali zisizo za kawaida

17. Makala moja ina namba mbili tofauti. Ipi ni sahihi?

Pengine zote. The Cryosphere huchapisha kwanza rasimu ya wazi yenye DOI yake, kisha makala kamili yenye DOI nyingine. Jedwali la vipimo hutenganisha rasimu, makala na jumla. Altmetric inaweza kuziweka kwenye kurasa mbili. Taja ni ipi uliyosoma, hasa kwa sababu rasimu huwa bado haijapita kwa wataalamu.

18. Makala muhimu ya zamani ina alama ndogo sana. Kwa nini?

Mwaka 1978 J. H. Mercer aliandika kwenye Nature kwamba dalili mojawapo ya hatari kwa Antaktika Magharibi itakuwa kuvunjika kwa rafu za Rasi ya Antaktika. Larsen A ikavunjika 1995, Larsen B 2002. Huduma ya kuhesabu ilianza 2011 (swali la 4), kwa hiyo mazungumzo ya miaka zaidi ya thelathini hayamo. Kwa makala za aina hii tazama zilikonukuliwa.

19. Alama ilikuwa 310, leo ni 296. Kuna aliyechezea?

Watu hufuta machapisho yao na akaunti hufungwa, na kilichofutwa hutoka kwenye hesabu. Uzito wa vyanzo pia hurekebishwa.

20. Naweza kutumia namba hizi kwenye tasnifu?

Ndiyo. Andika tarehe uliyoangalia na DOI kwenye kila mstari wa jedwali. Usijumlishe safu: waliofungua, waliohifadhi na waliotaja si watu wa aina moja, na mtu mmoja anaweza kuwa kwenye zote tatu. Linganisha makala za umri mmoja. Altmetric yenyewe hulinganisha na zilizotoka wiki sita kabla na wiki sita baada, na nafasi hiyo kwa asilimia ina maana kuliko alama ghafi. Ikiwa mada yako ni usomaji wa Nyanda za Juu Kusini, ongeza dodoso fupi kwa makundi ya WhatsApp na kwa maktaba, ukiuliza walisoma nini, waliipata wapi na walifika ukurasa wa ngapi. Na safu ya Mendeley iite "waliohifadhi".